Pengelly Hawaulizi Maswali

SURA YA SABA

Asubuhi ile Marlys Fjelstad aliagiza kahawa mara tatu na zote tatu akaziacha nusu. Kila kikombe kilipofika katikati aliinuka kwenda dirishani kulitazama gari lake, kana kwamba lingeweza kuondoka bila yeye.

"Kaa chini, binti," alisema Wendell Aasen. "Unampa Opal kizunguzungu."

Opal, mwenye mkahawa, alicheka nyuma ya kaunta akasema yeye ameshazoea, polisi wote wa mji huu wa Ansel hawajui kutulia kitini. Marlys akaketi. Goti lake likaendelea kurukaruka chini ya meza.

Wendell alikuwa sherifu wa kaunti hii kwa miaka ishirini na minne kabla ya kustaafu. Ndiye aliyemtoa Marlys kwenye dawati la kupokea simu akamfanya mpelelezi, na siku ya harusi yake, baba yake akiwa marehemu, ndiye aliyemshika mkono mpaka madhabahuni. Kesi iliyomshinda Marlys huipeleka kwa mzee huyu pamoja na kahawa, na mara nyingi huondoka na jibu.

Na hii ilikuwa imemshinda kweli. Jumapili, tarehe kumi na moja Oktoba, Orrin Tveit, mfugaji wa miaka sabini na miwili, alifyatua bunduki yake kwenye uwanja wa klabu ya shabaha, na bunduki ikampasukia usoni. Alifia palepale. Orrin hakuwa mtu wa kununua risasi dukani. Kama wazee wengi wa Montana, aliokota maganda yake na kuyajaza upya nyumbani, fataki mpya, baruti mpya, miaka arobaini bila hata mkwaruzo. Maabara ilipofungua kopo lake ikakuta kwamba mtu ameondoa baruti inayowaka taratibu, iliyoandikwa kwenye karatasi ya kopo, akatia ile ya kasi inayoweza kupasua bunduki, rangi ileile na umbo lilelile. Jicho lisingetambua.

Aliyeonekana kwenye chumba cha kujazia ni binti yake, Joleen, muuguzi wa Spokane, aliyewasili Ijumaa mchana. Jirani aliwasikia wakigombana, binti akimtaka baba ahamie mjini, baba akimwambia aende akahamishe wagonjwa wake. Sherifu mpya, Gus Pruitt, hakuhitaji zaidi ya hapo. Joleen alikuwa na funguo, alikuwa mrithi, na sasa alikuwa mahabusu kwa siku ya tisa. Kesho saa tatu asubuhi jaji angeamua kama ana kesi ya kujibu, na jaji huyo alishaandaa hema lake la kuwindia kulungu.

"Kisanduku cha risasi ndicho kinaninyima usingizi," alisema Marlys. "Orrin aliandika tarehe ya kujaza kwenye kila kisanduku. Siku ile watu walikuwa thelathini uwanjani, na kisanduku hakionekani."

"Watu walikuwa wamechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyemfikia kwanza na hata kofia yangu sikuiona tena."

"Tungejua tarehe, tungejua baruti ilibadilishwa lini. Pruitt anasema Ijumaa. Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu Ijumaa ndiyo aliyofika Joleen. Huo si upelelezi, huo ni uvivu."

Wendell alikata kipande cha pai. "Mimi sitaki kumtetea Pruitt, unajua ninavyomwona. Lakini mtoto anaweza kumchoka mzazi. Tumeyaona hayo, mimi na wewe."

"Kuna kifurushi," alisema Marlys. "Kilikuwa juu ya meza ya jikoni. Kimetoka Pengelly na Wanawe, wale watengenezaji wa vifaa vya kujazia, kule Butte. Hakijafunguliwa. Pruitt amekizungushia utepe wa polisi akakitupa kabatini bila hata kukitikisa. Nimekitia saini leo, naenda nacho."

"Butte!" Mzee aliangua kicheko. "Binti yangu, watu wa Pengelly hawaulizi maswali. Ukiwaambia mbwa amekula mashine, wanakutumia mashine nyingine na salamu kwa mbwa. Utaendesha gari mwendo wa saa mbili na nusu, uambiwe silinda ya mzee ilichakaa wakamtumia mpya, basi. Itamsaidia nini Joleen?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Nenda basi, maana ukibaki utatoboa sakafu ya watu." Akamwangalia kwa upole. "Na mimi najilaumu, unajua. Sikukanyaga kwa Orrin tangu Agosti, kwa ajili ya yale maji ya kijito. Mtu unanuna, unanuna, kumbe mwenzako anaondoka."

Ugomvi huo mji mzima uliujua. Wendell na mkwewe walitaka kujenga nyumba ishirini za kupangisha wavuvi wa kiangazi, na bila maji ya kijito cha Orrin hata msingi usingechimbwa. Orrin alikataa, akasema ng'ombe wake hawanywi ahadi. Marlys alimgusa mzee begani, akaweka pesa mezani, na kufika mlangoni alikuwa karibu kukimbia.

Ofisi ya huduma kwa wateja ya Pengelly na Wanawe ilikuwa chumba kirefu chenye madawati sita, simu sita na watu sita, na siku hiyo simu zote sita zilikuwa masikioni. Msimu wa kuwinda ulikuwa umebaki siku tano, na nusu ya Marekani ilikuwa imegundua leo kwamba kuna kitu kimevunjika. Ukutani kulikuwa na ubao wa maneno ya mzee Pengelly wa kwanza: ALIYEVUNJA ANAJUA. MTUMIE KINGINE.

Marlys alisimama na kifurushi kwapani na begi la ushahidi mkononi, akisikiliza.

"Mkeo amekikanyaga kwa trekta. Sawa, bwana. Nipe anwani."

"Umekipaka siagi. Sawa kabisa. Kitaondoka kesho."

"Hapana, mama, risiti ya nini? Ni chetu hicho, tumekitengeneza sisi."

Mapokezini alikaa mama mmoja, Milka Vukasin, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliitazama beji, akamtazama Marlys, akarudia beji.

"Treloar ndiye anayeshughulikia vipimo vya baruti. Lakini anakula."

"Nina haraka, mama."

"Kila mtu ana haraka. Hapa Butte mtu hakatizwi pasti yake."

"Kuna mtu yuko ndani siku ya tisa kwa kosa ambalo huenda hakulifanya. Kesho asubuhi anaweza kupelekwa gerezani mpaka theluji iyeyuke."

Milka alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya machoni. "Nani huyo?"

"Joleen Tveit."

"Tveit." Mama akakunja uso. "Jina hilo nimelishika. Ijumaa ya wiki ile nyingine alipiga simu mwanamke wa Tveit. Kama kifurushi kimeshaondoka, kitafika lini, hakiwezi kwenda kwa haraka zaidi. Alinisumbua huyo! Nikamwambia posta si mali yangu."

Marlys alihesabu siku kwa vidole. Ijumaa tarehe tisa. Joleen hakuwahi kumwambia habari ya simu hiyo. Pruitt akiisikia ataimba: binti alijua habari za mitambo ya baba yake, binti alikuwa anafuatilia. Ameendesha mwendo wa saa mbili na nusu kumtafutia mtu mlango, na sasa amebeba kufuli ya pili. Alitembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Mama, nakuomba. Muite huyo Treloar aje na pasti yake."

Gene Treloar alikuja nayo kweli, nusu ikiwa kwenye karatasi, mkate ule wa nyama na viazi ambao babu zake waliuteremsha migodini. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mpole, mwenye kidole gumba kilichopungua pingili moja. Akavuta kiti kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakukaa.

"Huniulizi nimekuja kufanya nini?" alisema Marlys.

"Utasema," alijibu Treloar.

Marlys aliweka kifurushi juu ya dawati. Akamwonyesha utepe na saini, akamwita Milka awe shahidi, akaandika saa kwenye fomu: sita na dakika arobaini. Kisha akakata utepe. Ndani, kwenye karatasi ya mafuta, kulikuwa na silinda moja ya chuma isiyozidi urefu wa kidole, inang'aa kama mpya, maana ilikuwa mpya. Chini yake kikaratasi: *Bila malipo. Pole kwa usumbufu. G.T.*

"Mwandiko wako?"

"Wangu. Hiyo ni silinda ya kipimo cha baruti, namba mbili." Treloar aliigeuza kiganjani. "Baruti inakaa kwenye chupa ya juu. Unavuta mkono, silinda inazunguka, inachota kiasi ulichokitega, inamwaga kwenye ganda. Ikichakaa inachota ovyo."

"Aliyeomba amekufa. Bunduki imempasukia Jumapili iliyofuata."

Treloar aliweka pasti chini. Hakuigusa tena siku hiyo. Aliinuka kwenda kwenye makabati, na Marlys akamsikia akivuta droo, akiirudisha, akivuta nyingine. Kila mteja wa Pengelly alikuwa na kadi yake, na kadi ya Orrin Tveit ilianza mwaka 1967. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Treloar:

*Jumanne, 6 Okt. Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kipimo namba mbili kinatoa punje 49 na nusu kwa alama ileile iliyokuwa ikitoa 46. Silinda imechakaa. Mpya kwa posta ya kesho.*

Marlys alisoma mara mbili. "Punje?"

"Ni uzito. Ndogo sana. Lakini tatu na nusu ni nyingi."

"Jumanne." Alisema polepole, akiogopa kuliharibu tumaini lililokuwa linaanza. "Umeandika wakati uleule anaongea?"

"Hatuandiki baadaye. Baadaye tunasahau."

"Treloar, nina kipimo chenyewe kwenye begi hili. Nataka unithibitishie kama kweli kilikuwa kimechakaa."

Chumba cha kujaribia kilikuwa nyuma, na mwanga mweupe na mizani nne. Treloar alivaa miwani, akakifunga kipimo cha Orrin kwenye meza, akakifungua, akapitisha vyuma vyembamba kati ya silinda na ukuta wake. Akapima huku, akapima kule. Marlys alizunguka meza mara nne, akasoma maandishi yote ya kizimamoto.

"Mama, unanizibia taa," alisema Treloar.

Akarudisha silinda ya zamani. Kwenye skrubu ya kutegea, Orrin alikuwa ameweka alama ya rangi nyekundu ya kucha, labda ya marehemu mkewe, ili asiwe anatafuta upya kila mwaka. Treloar aliitega kwenye alama hiyo. Akachukua rafuni kopo la baruti ya taratibu, aina ileile iliyoandikwa kwenye kopo la Orrin, akaijaza kwenye chupa. Akavuta mkono. Akapima. Akavuta tena. Mara kumi alivuta, mara kumi akaandika, na Marlys alikuwa anasoma juu ya bega lake: arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na sita na moja ya kumi, arobaini na sita.

"Hiki kipimo," alisema Treloar, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hakina ugonjwa wowote."

"Basi kwa nini kilimtolea arobaini na tisa na nusu?"

"Kipimo kinachota kwa ujazo. Kibaba cha mchele na kibaba cha chumvi ni kibaba kilekile, lakini uzito si mmoja. Kama alama haikuguswa na silinda ni nzima..." Hakumaliza.

Marlys akamalizia. "Kilichobadilika ni baruti."

"Ndiyo."

"Na ilikuwa imeshabadilika Jumanne saa nne asubuhi."

"Ndiyo, mama."

Marlys alipiga meza kwa kiganja mpaka mizani zote nne zikatetemeka. Jumanne! Jumanne Joleen alikuwa Spokane, maili mia tatu, wodini. Jedwali la zamu la hospitali lilikuwa kwenye faili, lilikuwa limekaa pale siku zote, halina kazi kwa sababu Pruitt alikuwa ameitegemeza kesi yake kwenye Ijumaa. Joleen alianza zamu Jumamosi tarehe tatu, akamaliza Alhamisi. Ile simu ya Ijumaa nayo ikageuka sura. Mtu aliyebadilisha baruti asingehimiza silinda mpya ifike haraka, kwa maana silinda mpya nayo ingetoa arobaini na tisa na nusu, na hapo Orrin angetia shaka kwenye kopo. Binti alikuwa anamhangaikia baba yake, basi. Marlys alitaka kucheka na kumkumbatia mtu.

Lakini Treloar alikuwa ameketi. Mikono yake ilikuwa mapajani na alikuwa anaiangalia.

"Ningeuliza swali moja tu," alisema. "Umebadilisha baruti, bwana? Maneno matatu. Angekwenda kunusa kopo, angechukua kopo jipya, angekuwa hai. Lakini sisi hatuulizi. Miaka ishirini na miwili sijamuuliza mteja kitu. Tunaona ni heshima."

"Hukumuua wewe."

"Hujasikia lililobaki." Alivua miwani. "Alisema Jumapili ana mashindano. Nikamwambia, bwana Tveit, mpaka silinda ifike usikiamini hicho kipimo. Pima kila ganda kwa mizani. Arobaini na sita kamili. Akanishukuru."

Marlys aliona yote. Mzee Orrin mezani kwake, miwani puani, akiongeza chembe kwa kijiko kidogo mpaka sindano ya mizani isimame, ganda baada ya ganda. Uzito sahihi wa baruti isiyo sahihi. Mtu mzembe angemwaga tu, labda angeshtuka. Uangalifu wake ndio uliomfikisha kaburini, na aliyebadilisha baruti alimjua vizuri kiasi cha kuutegemea uangalifu huo. Hasira ilimpanda Marlys mpaka masikio yakawa ya moto.

"Treloar, nisikilize. Ulichokiandika kwenye kadi hii kitamtoa mwanamke mahabusu kesho. Sasa niambie kila ulichosikia kwenye simu ile. Hata kikohozi."

Treloar alifumba macho. "Alikuwa mchangamfu. Alisema ana mgeni. Waligombana muda mrefu, na tangu Jumapili mgeni anakuja kila asubuhi na pai ya matunda ya mwituni kutaka wapatane. Akasema, 'Nitanenepa kabla sijamsamehe.'" Akafumbua macho. "Mimi nilikuwa naandika. Bwana Tveit mwenyewe ndiye aliyetaka kujua kama inaweza kuwa baruti. Ndiyo. Alisema, 'Labda hili kopo lina walakini.' Na yule mgeni akasema nyuma yake, kwa sauti kubwa, ili nami nisikie: 'Achana na kopo, Orrin. Silinda hiyo. Chuma huchoka, baruti haichoki.' Wakacheka. Nami nikaandika, silinda imechakaa."

"Alitaja jina la mgeni?"

"Hapana."

"Nawe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Marlys alisimama tuli, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata goti lilitulia.

Kilichokuwa ndani ya kifurushi hakikujulikana na mtu. Pruitt hakukifungua. Juu ya kasha hakukuandikwa chochote ila jina la kampuni na anwani ya marehemu. Marlys mwenyewe alikuwa amejua saa sita na dakika arobaini, mbele ya shahidi. Na bado leo asubuhi, mezani kwa Opal, kabla hajawasha hata gari, mtu mmoja alimwambia ataambiwa nini: silinda ya mzee ilichakaa wakamtumia mpya, basi. Mtu ambaye hakukanyaga kwa Orrin tangu Agosti. Mtu wa kwanza kumfikia maiti, pale kilipopotea kisanduku chenye tarehe.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Wanasema kirahisi sana. Marlys alijaribu kutafuta njia nyingine ya kuyapanga mambo hayo. Labda Orrin alimwambia mtu klabuni, na huyo akamwambia Wendell. Labda Wendell alibahatisha tu. Mzee anavijua vipimo. Alimtetea moyoni jinsi wakili wa kulipwa anavyotetea, na kila alipofika mwisho wa utetezi alikuta pai.

"Sauti," alisema. "Ungeisikia tena ungeitambua?"

"Nimeishi kwenye simu miaka ishirini na miwili, mama. Uso nasahau hata wa shemeji yangu. Sauti sisahau."

"Simu yako ina mkono wa pili wa kusikilizia?"

Treloar alimrudisha ofisini mpaka kwenye dawati lake. Kila dawati lilikuwa na mkono wa pili, wa kumfundishia mfanyakazi mgeni. Marlys alimpa huo, akajiwekea kidole mdomoni kumtaka asiseme, akapiga namba anayoijua kwa moyo. Kidole chake kilikosea mara moja. Akaanza upya.

"Mkahawa wa Opal."

"Opal, ni Marlys. Mzee yupo?"

"Atakwenda wapi? Yuko kwenye kiti chake anamaliza pai yangu. Wendell! Binti yako!"

Viatu vilisikika, kisha ile pumzi nzito aliyoizoea. "Haya, binti. Umefika? Wamekupa kahawa angalau?"

"Wamenipa." Marlys aliushangaa utulivu wa sauti yake. "Wamekijaribu kipimo cha Orrin. Wanasema ni kizima."

Upande wa pili sahani zilisikika, na Opal akimcheka mtu.

"Nani anasema? Hao wa simu?" Wendell alicheka kidogo. "Wale wanauza heshima ya jina lao, hawawezi kukuambia kitu chao kibovu. Kipimo cha miaka thelathini, Marlys! Nilikufundisha nini mimi? Chuma huchoka, baruti haichoki. Rudi nyumbani kabla barabara haijaganda."

Treloar alishusha mkono wa simu polepole, akaulaza juu ya karatasi. Akamtazama Marlys, akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

"Upo?" alisema Wendell.

"Nipo."

"Usikate tamaa. Njoo tuongee, tutaona la kufanya kuhusu Joleen. Nikuwekee kipande cha pai?"

Macho ya Marlys yalikuwa yamejaa, na alichukia kwamba yamejaa. Alitaka kumuuliza kwa nini. Kwa nyumba ishirini za wavuvi? Alitaka kumuuliza kama siku ya harusi ule mkono ulikuwa uleule. Hakuuliza. Alikuwa amefundishwa vizuri na mwalimu wake kwamba mshukiwa haulizwi swali kabla ya hati ya kumkamata kusainiwa.

"Niwekee," alisema, akakata simu.

Chumbani wenzake Treloar waliendelea na kazi. Sawa, bwana, nipe anwani. Sawa, mama, kitaondoka kesho. Marlys alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alihitaji maelezo ya maandishi yenye saini, alihitaji kadi halisi, alihitaji jaji wa kaunti nyingine, na alihitaji yote hayo kabla ya kesho saa tatu asubuhi. Alianza kuyataja kwa sauti, moja baada ya jingine, ili asikae kimya.

Treloar hakuwa anamsikiliza. Aliivuta kadi ya Orrin Tveit, akaigeuza upande mtupu, akaandika tarehe ya leo na saa. Kisha akainua kichwa. Milka, aliyekuwa akipita na birika, alisimama pale aliposikia, maana jambo hilo alikuwa hajawahi kulisikia likitoka kwenye dawati lile.

"Yule ni nani?" aliuliza Treloar.

Marlys aliweka kidole chini ya tarehe ile.

"Andika Wendell Aasen," alisema. "Ni kama baba yangu. Hilo usiliandike."